Mabwawa Mawili, Mto Mmoja

Umeme wa Bukavu unatoka Ruzizi. Mto huu unaanzia Ziwa Kivu hapahapa mjini, kwenye mpaka wetu na Rwanda, unatelemka kuelekea Ziwa Tanganyika, na njiani umejengewa mabwawa mawili. Ruzizi ya kwanza ilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi ya pili ilianza kazi mwaka 1989, ikiwa mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Mgeni akielezwa hivyo hupata matumaini: kumbe yapo mawili, moja likisimama jingine litabeba mzigo. Lakini mabwawa yote mawili yanakunywa maji yaleyale. Kina cha ziwa kikishuka, yote mawili yanapungukiwa. Na taka za plastiki ambazo mvua huzisomba kutoka milimani mwa mji hadi ziwani husafiri na maji mpaka kwenye mitambo ya Ruzizi ya kwanza na kuikaba, kisha mitaa huingia gizani.

Nimeanza na mabwawa kwa sababu kazi yangu imenifundisha somo hilohilo. Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta. Nimevuta kebo na kufunga swichi, vifaa vinavyoziunganisha kompyuta kwa kebo, katika hospitali ndogo, shule, ofisi na vyama vya akiba, kuanzia Nguba hadi Kadutu, na kila nilikokwenda nimeulizwa swali moja: tununue nini ili mtandao usilale? Anayeuliza anangoja nitaje kifaa. Mimi humrudishia swali: ni kitu gani kinachoulalisha? Vitu viwili vinavyokufa kwa sababu moja ni kitu kimoja kilicholipiwa mara mbili. Nimeliona jambo hili katika swichi, katika nyaya, katika umeme, katika intaneti, na hata katika vichwa vya watu wanaotunza mtandao.

Hospitali iliyonifundisha zaidi imejengwa kwenye mteremko, kama sehemu kubwa ya mji wetu. Juu kabisa kuna mapokezi na utawala, ambako pia imewekwa seva yenye kumbukumbu za wagonjwa. Chini yake kuna maabara, kisha duka la dawa, na mwisho jengo la uzazi. Mtandao ulikua kwa namna majengo yalivyokua. Kila jengo lilipoongezwa, lilivutiwa kebo kutoka jengo lililo juu yake na kupewa swichi ya bei nafuu, zile za kuchomeka tu, zisizo na mipangilio yoyote ya kubadilisha. Swichi ya mapokezi ikailisha ya maabara, ya maabara ikailisha ya duka la dawa, na ya duka la dawa ikailisha ya uzazi. Mafundi wengi hufunga hivyo. Kebo ya shaba ya Etheneti haitakiwi kuzidi mita 100, na mnyororo wa namna hii hukufikisha mbali bila kuvunja kanuni hiyo, tena kwa kebo chache.

Udhaifu wa mnyororo huonekana mvua inapoanza kunyesha. Mwaka 2016 watafiti waliochambua vipimo vya setilaiti ya TRMM vya kuanzia 1998 hadi 2013 walipanga sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Ya kwanza ilikuwa Ziwa Maracaibo, Venezuela. Ya pili, na ya kwanza kwa Afrika nzima, ilikuwa mashariki mwa Kongo, katika nchi ya milima iliyo magharibi mwa Ziwa Kivu, yenye miale zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sisi tunaoishi hapa hatukuhitaji setilaiti ituambie. Na radi haina haja ya kupiga jengo lako ili ikuharibie. Ikipiga karibu, inatosha kuamsha msukumo wa umeme ndani ya kebo ndefu ya shaba inayopita nje, na msukumo huo huingia katika swichi kwa mlango ambao fundi mwenyewe aliufungua.

Ndivyo ilivyokufa swichi ya maabara. Seva ilikuwa nzima, kompyuta za duka la dawa zilikuwa nzima, za uzazi pia. Lakini kila kilichokuwa chini ya maabara kilikatwa na seva, kwa kuwa njia ilikuwa moja na ilipita mahali palipoungua. Muuguzi wa uzazi alilazimika kupanda ngazi hadi mapokezi kuuliza kundi la damu la mama aliyekuwa amejifungua muda mfupi uliopita. Tangu siku hiyo sijaweza tena kulitazama neno "mtandao" kama jambo la mafundi peke yao.

Swichi mpya ikawekwa, na mfanyakazi mmoja wa hospitali akafikiri vizuri. Aliona kwamba kama duka la dawa lingekuwa na kebo yake inayopanda moja kwa moja hadi mapokezi, kufa kwa swichi ya maabara kusingewakata wengine. Akanunua kebo, akaivuta, akaichomeka ncha zote mbili. Muda mfupi baadaye hospitali nzima ilikuwa imesimama. Nilipofika, mkuu wa wauguzi alinipokea mlangoni. "Papa," aliniambia, "mashini zote ziko zinawaka, lakini hakuna hata moja inasikiliza." Nilitazama swichi ya mapokezi. Taa zote za poti zilikuwa zikipepesa kwa pamoja, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuihesabu. Fundi akiona taa za namna hiyo hahitaji tena kuulizia virusi.

Maelezo yake ni haya. Kompyuta inapotafuta nyingine, mara nyingi huanza kwa kutangaza kwa wote: nani mwenye anwani hii? Swichi ikipokea tangazo hulitoa kupitia kila poti isipokuwa ile iliyoleta. Katika mnyororo, tangazo hufika mwisho na kuisha. Katika duara, huzunguka na kurudi lilikotoka, likapokelewa kana kwamba ni jipya, likatolewa tena. Pakiti za intaneti zina hesabu ya maisha inayopunguzwa kila zinapovuka ruta, na hesabu ikifika sifuri pakiti hutupwa. Fremu ya Etheneti haina hesabu hiyo. Itazunguka mpaka mtu achomoe kebo au umeme ukatike. Kwenye kebo ya megabiti 100 kwa sekunde, fremu ndogo kabisa, za baiti 64, zinaweza kupita karibu 148,800 kila sekunde. Tangazo moja, likizaliana kwenye duara, hujaza nafasi hiyo mara moja. Zaidi ya hapo, kila swichi hujifunza kompyuta ipo upande gani kwa kuangalia fremu zake zinaingilia poti ipi. Duara huzileta fremu zilezile kutoka pande mbili, na swichi hubadilisha jibu lake mfululizo hadi isijue tena ipeleke data wapi. Mafundi huiita hali hii dhoruba ya matangazo.

Nilichomoa kebo zinazounganisha swichi kwa swichi, moja baada ya nyingine. Ilipotoka ile mpya, taa zikatulia na kaunta ya malipo ikaanza kuhudumia watu. Aliyeivuta alisononeka sana. Nilimwambia, na ninaliandika hapa kwa moyo wote, kwamba wazo lake lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni akili ndani ya swichi ya kuilinda njia ya pili isigombane na ya kwanza, na akili hiyo huwezi kuipata kwenye swichi za kuchomeka tu.

Etheneti ilipozaliwa mwaka 1973 mikononi mwa Robert Metcalfe na David Boggs, katika maabara za Xerox kule Palo Alto, kompyuta zote ziligawana waya mmoja, na duara halikuwa na nafasi ya kutokea. Tatizo lilikuja pale vifaa vya kuunganisha mitandao midogo midogo kuwa mmoja vilipoenea. Aliyelitatua ni Radia Perlman, mwanahisabati aliyefanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment, na utaratibu wake ulichapishwa mwaka 1985. Unaitwa STP, na mwaka 1990 uliingizwa katika kanuni za kimataifa zinazofuatwa na watengenezaji.

Mimi huvutiwa na jinsi utaratibu huo ulivyo mwepesi. Swichi hutumiana ujumbe mfupi kila sekunde 2. Kwa ujumbe huo huchagua swichi moja kuwa mzizi, kila nyingine hupima njia yake nafuu zaidi ya kuufikia mzizi, na njia zinazobaki huzuiwa zisipitishe data ya kawaida. Kwa hiyo unaweza kufunga kebo kwa umbo la duara, na swichi zenyewe zikaona mti, wenye shina na matawi, usio na tawi linalorudi kujiunga na jingine. Njia iliyo wazi ikikatika, ile iliyolazwa huamshwa. Katika utaratibu wa kwanza kuamka huko kulichukua kati ya sekunde 30 na 50, muda wa kutosha programu nyingi kumtoa mtumiaji nje. Mwaka 2001 ulikuja utaratibu wa kasi, RSTP, ambao kwa kawaida hukamilisha kazi kwa sekunde chache, mara nyingi chini ya moja. Leo hata swichi za bei ya kati zenye ukurasa wa mipangilio huja nao. Anayetaka njia mbili aanzie hapo, kabla ya kununua hata mita moja ya kebo.

Kuwasha RSTP hakumalizi kazi. Lazima mtu aamue mzizi uwe wapi. Zikiachwa na mipangilio ya kiwandani, swichi zote huwa na kipaumbele kimoja, 32768, na ushindi huenda kwa yenye anwani ndogo zaidi ya kiwandani. Mara nyingi anwani ndogo ni ya kifaa cha zamani. Nimewahi kukuta ofisi ambayo mzizi wa mtandao wake wote ulikuwa swichi kuukuu iliyolala chini ya meza ya mlinzi, na data ya idara zote ikipanga njia yake kwa kuifuata. Hakuna aliyeichagua. Siku hizi swichi kuu naipa kipaumbele 4096, msaidizi wake 8192, na zilizobaki naziacha zilivyo. Kwenye poti za watumiaji naweka ulinzi unaoifunga poti ikiwa itasikia ujumbe wa swichi mahali ambapo pangetakiwa kuwa na kompyuta tu. Kwa njia hiyo, mtu akileta kiswichi chake cha kuongeza matundu na kukichomeka vibaya, atajikata yeye peke yake.

Akili hiyo nayo ina mpaka wake, na mfano mkubwa ulitokea mbali na hapa. Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, inayofundishia madaktari wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulianguka, na kwa takriban siku nne wafanyakazi walirudi kwenye karatasi. Hawakuwa na upungufu wa swichi wala wa njia za ziada. Mtandao wao ulikuwa umekua kwa kuungwa kipande kwa kipande mpaka ukawa mrefu kuliko STP inavyoweza kuusimamia, kwa kuwa mipangilio yake ya kawaida inadhani hakuna swichi zaidi ya 7 kutoka ncha moja hadi nyingine. Mzigo ulipozidi, ujumbe wa swichi ulichelewa, njia zilizolazwa zikaamka bila kuitwa, na maduara yakazaliwa. John Halamka, aliyeongoza idara ya teknolojia ya habari, alieleza hadharani kilichotokea ili wengine wajifunze. Ninamheshimu kwa hilo, kwa sababu hospitali yetu ya mteremkoni, isiyo hata na robo ya vifaa vya Boston, ilifaidika na maelezo hayo. Kila jengo jipya linaloongezwa kwenye mkia wa mnyororo huukaribisha mtandao kwenye hatari ileile.

Tulipoujenga upya mtandao wa hospitali, tuliuacha mnyororo kabisa. Tuliweka swichi kuu mbili, moja mapokezi na nyingine uzazi, ncha mbili za mteremko. Swichi za maabara na duka la dawa zikapata kila moja kebo mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka. Kwenye karatasi ilipendeza. Ndipo nikakaa na fundi umeme wa hospitali, mzee aliyehudumu hapo tangu majengo yangali machache, tukaandika orodha ya vinavyoua: radi, umeme kukatika, umeme kurudi kwa kishindo, jembe la mchimbaji, panya, maji ya mvua, mteremko unaoporomoka. Halafu tulipita kila njia mbili na kuuliza, kwa kila adui, kama ana uwezo wa kuziua zote kwa pigo moja.

Majibu ya kwanza hayakuwa mazuri. Kebo mbili zilikuwa zimepangwa kupita katika bomba moja chini ya njia ya wagonjwa. Jembe lingezikata pamoja. Kuna utaratibu mzuri, uliokubaliwa kimataifa mwaka 2000, unaofunga kebo mbili zifanye kazi kama moja, na wauzaji huusifu kama ulinzi. Unaongeza kasi, na unakuokoa ikiwa poti moja itaharibika, lakini kebo zilizolala katika bomba moja ni njia moja mbele ya jembe. Tukaipitisha ya pili nyuma ya uzio, mbali na ile ya kwanza kadiri kiwanja kilivyoruhusu.

Radi ikafuata. Kebo za shaba kati ya majengo, hata ziwe kumi, zote ni milango ya radi ileile. Hapo tuliamua kwamba kila kinachovuka nje ya jengo kiwe faiba, kebo ya kioo, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Swichi ikiungua katika jengo moja, msukumo hauvuki kwenda jengo jingine. Kwa kuwa mashine ya kuunga faiba haipatikani kwa kila fundi mjini, tuliagiza kebo zilizokwisha fungwa vichwa kiwandani, tukapima umbali mara mbili kabla ya kuagiza, na tukaacha ziada ya kutosha pande zote. Ikiwa pesa inatosha kwa kitu kimoja tu, ningemshauri yeyote wa Bukavu aweke faiba moja kati ya majengo kabla ya kufikiria shaba mbili.

Umeme ndio uliotupa kazi kubwa zaidi. Nimeingia katika ofisi nyingi ambako swichi mbili, zilizonunuliwa kwa nia njema ili moja iokoe nyingine, zimechomekwa kwenye UPS moja, kifaa chenye betri ya akiba, na UPS hiyo kwenye soketi moja. Betri ikichoka, zote zinazima kwa sekunde moja. Delestaji, yaani mgao wa umeme, katika mji wetu ni jambo la kila wiki, na betri inayokufa na kufufuka mara nyingi haidumu. Kwa hiyo swichi kuu ya mapokezi tuliiacha kwenye umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, pamoja na jenereta ya hospitali, na ile ya uzazi tukaipa paneli za sola na betri zake. SNEL ikikata na mafuta ya jenereta yakaisha, jua linaendelea. Mawingu yakikaa siku nyingi, jenereta ipo. Seva nayo ikapata nakala inayojiandika upya kila usiku chini kwenye jengo la uzazi, ili kuzima kwa upande wa juu kusiwe kifo cha kumbukumbu zote.

Kuhusu intaneti, nchi nzima ilipata somo lake. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali iliagiza intaneti ikatwe, na haikurudi hadi karibu tarehe 20 Januari 2019. Taasisi nyingi zilikuwa zimelipia kampuni mbili za intaneti kwa kudhani zimejihami. Kampuni zilikuwa mbili, lakini amri iliyozifikia ilikuwa moja. Waliohifadhi kazi zao zote katika seva za ng'ambo walisimama. Waliokuwa na seva ndani ya majengo yao, pamoja na mtandao wa ndani ulio imara, waliendelea kupokea wagonjwa, kuandika malipo na kutoa dawa. Tangu hapo huwaambia wateja wangu kwamba mtandao wa ndani una thamani yake mwenyewe. Huo uko mikononi mwenu. Uimarisheni kwanza, halafu mtafute njia ya pili ya kutoka nje, na ikiwezekana njia hizo mbili zisipite kwenye nguzo moja wala mnara mmoja.

Kuna somo moja ambalo halimo katika vitabu vingi vya kufundishia, nami nalitaka kila mwenye mtandao mdogo alishike. Njia ya pili hufa kimya. Mtandao wenye njia moja ukikatika, watu hupiga kelele na fundi huitwa. Mtandao wenye njia mbili ukipoteza moja, hakuna anayejua, kwa sababu kazi inaendelea. Huo ndio uzuri wake na ndio hatari yake. Tangu saa hiyo unaishi kwa njia moja huku ukiamini unazo mbili, na siku njia iliyobaki ikikatika watu watauliza ile akiba ilikwenda wapi. Panya aliyetafuna faiba nyuma ya uzio hatumi barua.

Kwa sababu hiyo tuliweka utaratibu wa kupima. Jumamosi moja ya kila mwezi, asubuhi, wakati wa salongo, yaani kazi za pamoja za usafi, shughuli za hospitali zinapokuwa chache, tunachomoa kebo moja iliyo wazi huku muuguzi akiwa mbele ya kompyuta akifungua faili la mgonjwa. Faili likifunguka, tunairudisha kebo, tunachomoa nyingine. Kisha tunazima swichi kuu moja, halafu ya pili. Mwanzoni uongozi uliogopa: kwa nini kuvunja kinachofanya kazi? Nilijibu kwamba radi itatupima hata tukikataa, na haitachagua asubuhi tulivu. Baada ya kipimo cha kwanza kufichua poti ya faiba iliyokuwa imekufa bila mtu kujua, hofu iliisha. Siku hizi muuguzi ndiye anayenikumbusha.

Fundi naye ni sehemu ya mtandao. Katikati ya Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulisimama, na watu wengi waliuhama mji, miongoni mwao mafundi. Nilipigiwa simu na taasisi ambazo sijawahi kuzifungia hata kebo, kwa sababu mtu pekee aliyejua maneno ya siri ya swichi zao alikuwa ameondoka na familia yake, kama ambavyo baba yeyote angefanya. Swichi zilikuwa mbili, umeme wa aina mbili, faiba mbili, na kichwa kimoja. Hapo hakuna wa kulaumiwa kwa kukimbiza watoto wake. Wa kurekebishwa ni mpangilio uliomfanya awe nguzo ya peke yake.

Hospitali yetu ya mteremkoni ilivuka kipindi hicho kwa sababu ya mambo madogo. Ramani ya mtandao ilikuwa imechorwa na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati la swichi, kila kebo ikiwa na jina pande zote mbili. Maneno ya siri yalikuwa katika bahasha iliyofungwa, ndani ya sefu ya utawala. Mipangilio ya kila swichi ilikuwa imenakiliwa nje ya swichi. Watu wawili wa hospitali, mmoja wa maabara na mmoja wa mapokezi, walikuwa wamefundishwa kusoma taa za poti na kubadilisha swichi. Na katika kabati kulikuwa na swichi moja mpya, imekwisha pangwa, inangoja. Katika mji ambao mzigo unaweza kuchelewa mpakani au usifike kabisa, swichi iliyo kwenye rafu ni bora kuliko tatu zilizo dukani Nairobi au Dubai.

Hatukufanya kila kitu kuwa viwili, wala haitakiwi. Kompyuta ya mezani ina kebo moja, na ikikatika muuguzi anahamia meza ya jirani. Printa ni moja. Njia mbili tuliziweka pale ambapo kukatika kwa kitu kimoja kungewasimamisha watu wengi, au kungemchelewesha mgonjwa asiyeweza kungoja: kati ya mapokezi, maabara, dawa, uzazi na seva. Kila kebo ya ziada huleta uwezekano wa kosa jipya, na mtandao ambao fundi mwenyewe hawezi kuueleza kwa dakika chache mbele ya ubao umekwisha kuwa mkubwa mno kwa watu wanaoutunza.

Nimesikia mara nyingi kwamba mambo haya ni ya benki kubwa na ya nchi zenye umeme wa uhakika, na kwamba kwetu mtandao ukisimama siku mbili watu watazoea. Sikubaliani na kauli hiyo hata kidogo. Penye umeme wa uhakika, mtandao mbovu husaidiwa na mazingira yake. Kwetu hausaidiwi na chochote, na ndiyo maana unapaswa kufikiriwa zaidi, hata ukiwa na swichi nne tu. Fikra hiyo ni ya bei nafuu kuliko kifaa chochote. Kaa na fundi umeme, mlinzi anayejua maji ya mvua yanapita wapi, na muuguzi anayejua kipi hakiwezi kungoja. Andikeni vinavyoua, kisha mpitie kila kilichowekwa viwili na muulize kama adui mmoja anaviweza vyote. Mkijibu ndiyo, msinunue cha tatu. Kihamisheni cha pili mahali ambapo adui huyo hafiki, kipimeni kila mwezi, na mfundishe mtu wa pili kukitunza.